Ngozi ya Mwalimu

Kuna watu wanaopendwa bila kutoa jasho, na jirani yangu Mwalimu alikuwa mmoja wao. Hakutabasamu ovyo, hakumsifu mtu, hakuwahi kumpelekea mtu sahani ya futari, na bado mtaa wetu mzima hapa Zinga ulikuwa unaishia mlangoni pake. Mimi ninayetabasamu, ninayesifu, ninayepeleka futari mpaka bakuli zangu zinasahaulika kwa watu, nafuatwa na mwenye suruali ya kupunguza kiuno tu, kwa kuwa ni fundi cherehani. Sasa Mwalimu amefariki, na najua aliyetangulia mbele ya haki haonewi wivu. Nalijua hilo, lakini moyo wangu haujalijua.

Alifundisha baiolojia na kemia sekondari kwa miaka mingi, akastaafu, kisha akaendelea kufundisha barazani kwake bila kuombwa. Jina alikuwa nalo ila halikuwa na kazi. Watoto, wazee, wauza samaki waliotoka Mlingotini, hata imamu wetu, wote walimwita Mwalimu na mambo yakaishia hapo. Alikotoka na watu wake sitayasimulia; mengine sikuyajua, na niliyoyajua hayanihusu. Kinachonihusu ni kwamba mimi nilijaliwa mtoto mmoja, Saida, yeye hakujaliwa, na nyumba zetu zilitenganishwa na ua wa makuti ambao mtoto yeyote mwenye akili angeupenya. Saida alikuwa na akili.

Kwetu pwani salamu ni ibada ndogo. Ukikutana na mtu asubuhi utaulizwa umeamkaje, nyumbani hawajambo, mguu uliokuuma juzi unaendeleaje, ndipo mwenzako aseme kilichomleta. Mwalimu hakuwa na subira hiyo. Mtoto akimwamkia, "Shikamoo Mwalimu," atajibiwa, "Marahaba. Kwa nini maziwa yanakatika ukitia ndimu?" Na yule mtoto, badala ya kushangaa mtu mzima asiyejua adabu, anavuta kigoda anakaa. Ningefanya hivyo mimi ningeambiwa nimeota mapembe. Yeye walisema ana mambo mengi kichwani.

Na mapishi yake. Nataka hili lijulikane. Wali wa Mwalimu ulikuwa bokoboko upande mmoja na ukoko upande wa pili, kwa sababu aliuacha jikoni akaenda kutazama kitu kitabuni. Nazi aliikuna nusu, ile nusu nyingine ikabaki na mbuzi mpaka kesho yake. Chumvi aliipima kwa kijiko cha chai akiinamia sufuria kama anatengeneza dawa, na bado ilizidi. Sasa huyu Saida, niliyemlea kwa samaki wa kupaka na mikate ya kumimina, alikuwa anarudi kutoka huko akijilamba vidole. "Mama," ananiambia, "wali wa kwa Mwalimu una ladha ya peke yake." Nikamwambia hilo ni kweli kabisa, na namwomba Mungu iendelee kuwa ya peke yake.

Alikuwa na neno lake moja alilolitumia kwa kila mtu: "Usiniambie unadhani nini. Niambie umeona nini." Ukimwambia mvua inakuja, atataka ujue umeona wingu gani. Ukimwambia fulani mwizi, utajuta kufungua mdomo. Watu walilipenda neno hilo wakawa wanaambiana vijiweni. Siku moja nami nikalijaribu kwa mteja aliyeniambia anadhani gauni limembana. Nikamjibu, "Usiniambie unadhani nini, niambie umeona nini." Alichukua kitambaa chake akakipeleka kwa fundi mwingine, na mpaka leo tukikutana sokoni anaangalia nyanya.

Lakini huyu mtu wa kuona kwa macho hakukubali mtu apige mluzi ndani ya nyumba yake. Hakufagia jua likishazama. Usiku wa kuamkia Ijumaa alifukiza udi kila chumba, na bundi akilia alifunga dirisha akavuta na pazia. Nikamuuliza mara moja, kwa ubaya nakiri, bundi na kemia vinapatana wapi. Akanitazama juu ya miwani. "Mama Saida, kemia ni kazi yangu. Bundi ni kulala kwangu." Nilipomsimulia mtu nikitarajia tumcheke pamoja, akasema, "Unaona sasa? Ndiyo maana tunampenda."

Nilimzaa Saida kwa uchungu wa siku nzima. Sare zake zote nilishona kwa mikono hii, na nilikunja pindo refu la sketi liweze kuachiwa kadiri anavyorefuka. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Walisahau kusema kwamba jirani naye anaweza kumchukua mwana huyo bila kuujua uchungu wowote, kwa yai tu.

Lilikuwa yai kweli. Saida alikuwa kidato cha pili. Nilikuwa napiga pasi upande wangu wa ua, sisikilizi, ila masikio hayana mlango. Mwalimu alipasua yai bichi kwenye sahani, akamenya la kuchemsha akaliweka kando yake. Akauliza tofauti yake ni nini.

"Hili bichi, hili limeiva," Saida akasema.

"Ute wake ni protini ileile. Sikuongeza kitu, sikutoa kitu. Ilikuwa imekunjwa hivi, moto ukaikunjua, ikashikamana vingine. Sasa niambie. Mtu aliyezoea kuijua protini hii kwa umbo lake la kwanza, akikutana nayo hivi, ataijua?"

Nikanyanyua pasi nisije nikaunguza kitambaa cha watu. Saida hakujibu siku ile. Alikuja nyumbani akakaa na swali lile kichwani wiki nzima, nikimsemesha hanisikii. Mtoto wangu alipotelea mle ndani ya sahani ya mayai, na mayai yenyewe yalikuwa ya kuku wangu.

Maradhi ya Mwalimu yalianza mdomoni. Mwalimu alikuwa mpenzi wa mananasi ya Kiwangwa. Msimu ukifika alinunua kwa tenga. Mwaka ule akapata vidonda kwenye fizi na ndani ya mashavu, akasema ni ukali wa nanasi, akaacha mananasi. Vidonda havikuacha. Akaacha pilipili, akaacha ndimu, akaishi kwa uji wa vuguvugu. Kisha yakatoka malengelenge kifuani na mgongoni, malegevu, yana maji, na yakipasuka yanaacha nyama mbichi. Hata pale palipoonekana pazima, kidole kikipita kwa nguvu ngozi ilihama nacho.

Mtaa ukatoa majibu. Wengine walisema mkanda wa jeshi, wakashusha sauti walivyozoea kushusha kwa ugonjwa huo. Lakini mkanda hushika upande mmoja, na wake ulikuwa pande zote. Wengine wakasema ni kijicho, wakatazama nyumbani kwangu. Nilikasirika sana, kwa sababu kijicho nilikuwa nacho kweli, nacho hakikuwa na uwezo wa namna hiyo.

Saida wakati huo alikuwa chuoni Dar es Salaam akisomea mambo ya maabara. Nilikuwa natafuta maneno ya kumweleza bila kumtia hofu. Ijumaa nikamwona huyo anashuka kituoni na begi. Mwalimu alikuwa ameshampigia. Nilikuwa nimepika, kwa bahati tu, na chakula kikapoa maana alipita kwa Mwalimu kwanza. Alipokuja kwangu macho yalikuwa mekundu. Akanipa shikamoo, akanibusu mkono, akasema, "Mama, kesho nampeleka hospitali Dar." Hakuniuliza mimi naumwa nini. Nina presha na kisukari, na siku ile hata goti lilikuwa linauma.

Sasa lisikilizwe la presha. Mimi na Mwalimu sote tulikuwa nayo, na kwa muda mrefu tulimeza vidonge vya aina moja, kutoka duka moja la dawa, vile vyeupe ambavyo ukifungua kopo lake unasikia harufu ya kiberiti. Mimi harufu ile ilinichefua. Mwalimu aliipenda. Alikuwa akifungua kopo anavuta pumzi, ananiambia, "Salfa hiyo, Mama Saida. Wanakupa na somo bure." Daktari wa ngozi alipomuuliza dawa anazotumia na kusikia jina la kidonge kile, akamwambia akiache mara moja, akampa kingine.

Saida alinieleza sababu akiwa amekaa kwenye kiti cha wateja, mimi nikiwa nyuma ya cherehani. Alisema ngozi ni seli zilizoshonwa moja kwa nyingine, na uzi wenyewe ni protini. Mwilini kuna kingamwili, askari wa kukamata vijidudu, na askari hao humjua mtu wa nyumbani kwa umbo lake. Ile salfa ya kidonge inaweza kujipachika kwenye uzi. Uzi ukageuka kidogo tu, askari wakauona mgeni, wakauvamia. Wanapoukamata mshono unalegea, maji yanaingia katikati, lengelenge linainuka. Ugonjwa huo unaitwa pemfigasi.

"Kwa hiyo ni kidonge," nikasema.

"Daktari anashuku tu. Wengine unawapata bila kidonge chochote. Na wanaomeza kidonge hicho wengi hawapati kitu."

"Mbona mimi nameza miaka yote sina hata kipele?"

"Mshukuru Mungu, Mama."

Nilimshukuru, na ninamshukuru. Lakini nikageuza kitambaa nikaendelea kushona nikiwaza kwamba hata kidonge kilituangalia sote wawili kikamchagua yeye. Yeye alibadilishiwa dawa na daktari bingwa. Mimi nikaachiwa ileile.

Alipoacha kidonge alipata nafuu, tukadhani yamekwisha, kisha malengelenge yakarudi. Wakampa dawa za kuwatuliza wale askari, zikamvimbisha uso mpaka waliomwona kwa mbali wakasema amenawiri. Yeye mwenyewe aliuzungumza ugonjwa ule kama mwanafunzi mtukutu aliyemzoea. "Kikulacho ki nguoni mwako," alikuwa akisema huku akifuta kidonda shingoni. "Waliosema hivyo hawakuwa na darubini, lakini waliona." Sikumsikia analia. Nilimsikia akilia akiwa usingizini, ua ni makuti, ila kilio cha huko hakuna mtu mwenye adabu anayekihesabu.

Saida alipomaliza shahada ya kwanza akaniambia anaendelea. Nikamuuliza anasomea nini hasa.

"Sukari, Mama."

Moyo ukaruka. Nilikuwa na kisukari muda wote huo, nachomwa kidole, naacha maandazi, na sikuwahi kulalamika mbele yake zaidi ya kawaida. Nikasema kumbe mtoto anaona. "Sukari hii yangu?"

Akainamisha kichwa. "Siyo hiyo. Protini za mwilini zina visukari vidogo vimebandikwa juu yake, kama shanga. Tunaviondoa, tunatazama kama kingamwili za mgonjwa bado zinakamata. Wakati mwingine zinakamata vilevile, wakati mwingine zinalegea. Tukijua ni badiliko gani linaloziita, huenda siku moja tukajua namna ya kuzizuia."

"Protini za wapi?"

"Za ngozi, Mama."

Nikamwambia hongera mwanangu, Mungu akufungulie. Nilipobaki peke yangu nikakaa na mkasi mkononi bila kukata kitu. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, niliuambia ukuta. Ukuta ulikuwa upande wangu.

Kuna siku moja nilidhani nimepata zamu yangu. Ugonjwa ulikuwa umepamba moto tena, na maabara alikofanya kazi Saida walitaka kipande kidogo kibichi cha ngozi ya Mwalimu. Kingekatwa zahanati moja huku kwetu, kisha kifike Dar siku hiyohiyo. Mwalimu hakuwa na nguvu za safari, kwa hiyo mbebaji nikawa mimi. Saida alitoa maagizo kwa simu, akayarudia. Chupa mbili, vipande viwili. Ya kwanza ina dawa ya kuhifadhi, fomalini. Ya pili ina maji ya chumvi ya dripu peke yake, na hiyo ndiyo muhimu.

Muuguzi alikuwa mwema na alikuwa amechoka. Kwake yeye kila kilichokatwa kwa binadamu kinaingia kwenye fomalini. Ndivyo alivyofundishwa na ndivyo alivyofanya maisha yake yote. Akatia kipande cha kwanza chupani, akatia cha pili chupani, akafunga vifuniko, akanikabidhi. Nikaziinua kuziweka kapuni kwenye barafu. Nikasikia harufu. Ile harufu naijua, ni ya jora jipya la kitambaa linapofunguliwa, inayowasha macho. Ilitoka kwenye chupa zote mbili.

"Mwanangu," nikamwambia, "hii ya pili ilikuwa iwe maji ya chumvi."

"Maji ya chumvi yatakiozesha, mama. Hii ndiyo inahifadhi."

"Inahifadhi mno. Binti yangu amesema fomalini inazifunga zile protini, zinakakamaa. Wakija kutafuta kingamwili zilizokamata pale hawatazipata. Kipande kitabaki kizuri, na hakitasema kitu."

Nilishangaa kusikia maneno hayo yakitoka kinywani mwangu. Muuguzi akanitazama akitaka kujua huyu mshonaji amesomea wapi. Kisha akamtazama Mwalimu, maana dawa ya pekee ilikuwa kukata tena, na ngozi ile ilikuwa haina akiba.

"Kata," Mwalimu akasema, akageuza bega.

Akiwa anakatwa akamwuliza muuguzi kama aliwahi kujiuliza kwa nini ute wa yai ukiiva haurudi kuwa maji. Tulipoondoka muuguzi alikuwa ameandika namba ya Mwalimu kiganjani ili aje kumuuliza mengine. Yangu hakuiomba. Na nilipofika Dar, Saida akafungua kapu, akanusa chupa ya pili, akasema, "Alhamdulillahi, Mwalimu alikumbuka chupa."

"Ni mimi niliyenusa," nikasema.

"Kweli, Mama?" Akanikumbatia, akacheka kwa furaha, na nafsi yangu ikatulia. Kisha akachukua simu ampigie Mwalimu amsimulie nilivyonusa.

Picha ya kile kipande chini ya darubini ilipopatikana alimtumia Mwalimu, naye akanionyesha juu ya ua. Ilikuwa nyeusi, na katikati kuna mistari ya kijani imezunguka kila seli, kama wavu wa kuvulia dagaa. Kila penye kijani, Mwalimu alisema, kingamwili zimeshika. Nikaitazama. Kazi ya mwanangu, ngozi ya jirani yangu, na mimi niliyebeba kapu. Nikasema inapendeza, kwa sababu ilipendeza.

Gauni la Mwalimu nililishona baada ya hapo, na lisieleweke vibaya, sikusukumwa na huruma. Nilimwona asubuhi moja barazani amejifunika shuka, mabega wazi, na watoto wamemzunguka wakijifanya hawaoni. Nguo zake zote zilikuwa zimemshinda. Mshono wa ndani ulimkwangua, lastiki ilimchuna, na kuvaa kwa kupitisha kichwani kulimwondolea ngozi ya mgongo. Mimi ni fundi. Siwezi kutazama mtu anakaa vile na nyuzi zipo.

Nikachukua kanga zangu kuukuu zilizofuliwa mpaka zikalainika. Nikashona mishono yote kwa nje, ndani pakawa patupu kabisa, nikafungia kamba mabegani ili livaliwe kwa kuzungushwa. Ile mishono ya nje niliipindia vizuri, nikaipitishia utepe wa buluu, isionekane kosa. Akalivaa akatoka barazani. Mtoto mmoja akamwambia, "Mwalimu, umegeuza nguo," kwa heshima zote, kama mtoto wa kwetu anavyopaswa kumwambia mkubwa aliyetoka ndani bila kujiangalia.

"Aliyeigeuza ni Mama Saida," akajibu. "Mwulize aliona nini."

Hiyo ndiyo shukrani niliyoipata, hakuongeza. Lakini mtu asiyemsifu mtu alikuwa amewapeleka watoto kwangu kuuliza swali, na nikajikuta nimekaa kizingitini nawaeleza mambo ya mishono mpaka wali ukashika chini. Ule wali ukoko wake ulikuwa mchungu. Nikaula.

Kisha Saida akapata nafasi ya kwenda nje kimasomo. Jumapili alasiri ndiyo ilikuwa siku yake ya kupiga simu. Alianza kwa Mwalimu. Nilijua kwa sababu nilisikia Mwalimu akibisha na kuuliza, na kicheko cha mwanangu kikitoka kwenye spika kikivuka ua. Simu yangu ilipokuja kuita, Saida alikuwa ameshachoka. "Mama hujambo, umemeza dawa, goti je?" Nikimjibu nasikia anapiga miayo. Nilikuwa nikikaa na simu mapajani tangu adhuhuri, nimeshajipanga maneno, nikimwomba Mungu siku moja, moja tu, aanze na mimi. Sikuwahi kumwambia. Mtoto ukimwomba akupigie kwanza, hata akikupigia huwezi kujua tena.

Mara yangu ya mwisho kukaa na Mwalimu ilikuwa Jumapili kama hizo. Malengelenge yalikuwa yamefika mikononi. Nilikuwa ninakwenda kumwosha kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, nampaka mafuta, nafunga vidonda kwa bandeji laini, na kitandani namtandikia majani ya mgomba kwa kuwa hayanati kama shuka. Nilikuwa nimemaliza vidole, kila mkono umekuwa furushi jeupe, nikaketi kwenye ukingo wa kiti. Simu yangu niliiweka mapajani kwa mazoea. Yake ilikuwa juu ya stuli. Ikaita. Ikatokea picha ya Saida.

"Iache," Mwalimu akasema.

"Ni Saida."

"Nimeona ni Saida. Iache. Akinikosa mimi atapiga kwako."

Hatukuwahi kulizungumza jambo hili, hata kwa mafumbo. Simu yake ikaita mpaka ikanyamaza. Sote wawili tukaitazama yangu. Nilivuta kanga, nikaifuta kioo, nikaangalia kama sauti imefunguliwa. Ilikuwa imefunguliwa.

"Mtandao," Mwalimu akasema baada ya muda.

"Ndiyo, mtandao."

Ya kwake ikaita tena. Akafumba macho. Uso wake ule uliovimbishwa na dawa ulikuwa umekunjamana, na nikaona kwamba alikuwa anaumia kuliko nilipokuwa nafunga vidole.

"Mama Saida," akasema, "mimi sikumwita hata siku moja."

"Najua."

"Alikuja mwenyewe."

"Najua, Mwalimu. Nilikuwa namwona anapita."

Ikanyamaza, ikaanza mara ya tatu. Nikawaza mwanangu huko aliko, katika nchi ya baridi, amesimama na simu sikioni anahesabu milio, anadhani ndiyo basi. Nikainuka nikaichukua. Nikabonyeza, nikaiweka sikioni kwa Mwalimu, mbali kidogo isimguse ngozi.

"Mwalimu, mbona hupokei? Nimeogopa."

"Mikono imefungwa," Mwalimu akasema.

"Sasa nani amekushikia simu?"

Mwalimu akanitazama. "Mama yako."

Upande wa pili pakawa kimya. Safari hii haukuwa mtandao.

"Mwambie shikamoo," Saida akasema, sauti imeshuka.

"Marahaba," nikaitika mwenyewe. "Zungumza naye, mwanangu. Mimi nipo."

Akazungumza. Mwanzo alikuwa anajikwaa, kisha akasahau kama nipo, akaanza kusimulia protini aliyoivua visukari vyake vyote na kingamwili ambazo hazikutaka kuiachia. Mwalimu akamkatiza, akamwuliza ameona nini hasa, naye akarudi mwanzo akaeleza tena polepole. Nilielewa nusu. Mkono ulianza kuniuma kwa kuuweka juu bila kumgusa. Nikahamishia simu mkono wa pili, nikaendelea kushika.